Neva na vipokezi vya tezi ya adrenali: njia nne za kuvionyesha maabara, na ipi ikufae

Tezi ya adrenali ni viungo viwili vilivyofungwa ndani ya ganda moja. Gamba la nje hutengeneza kotisoli, aldosteroni na homoni nyingine za steroidi, na amri zake nyingi huja kwa njia ya damu: ACTH kutoka tezi ya pituitari, na angiotensini kwa tabaka la juu kabisa. Kiini cha ndani kinaamriwa na neva. Nyuzi za neva ya splankniki hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kifua, na tofauti na nyuzi nyingine za mfumo wa simpathetiki, hizi hazipokezani kijiti na neva ya pili njiani. Zinakwenda moja kwa moja hadi kwenye seli za kromafini na kumwaga asetilikolini. Seli huipokea kwa vipokezi, hasa vya aina ya nikotini, kisha humwaga adrenalini na noradrenalini kwenye damu.

Hayo yako kwenye kila kitabu cha fiziolojia. Mwanafunzi wa uzamili Moshi au Arusha, au fundi sanifu aliyeambiwa aandae slaidi za kufundishia, hukwama pengine: kati ya njia zilizopo, atumie ipi kuyaonyesha? Tunalinganisha nne hapa: rangi ya daikrometi, rangi ya kolinesterasi, kingamwili, na tezi hai inayopitishiwa maji ya chumvi.

Vigezo vya kulinganishia

Kwanza, swali ambalo njia inalijibu. Kuonyesha neva inapita wapi ni jambo moja, kuonyesha protini ya kipokezi ipo ni jingine, na kuonyesha kipokezi kinafanya kazi ni la tatu. Tasnifu nyingi hukosolewa kwa sababu mwandishi ameuliza swali la tatu na kulijibu kwa picha ya swali la kwanza.

Pili, tezi inatakiwa iwe mbichi kiasi gani. Tatu, vifaa na vitendanishi. Nne, muda. Tano ni namna njia inavyoharibika, na hiki tunakipa uzito kuliko vingine. Kuna makosa yanayojitangaza, slaidi inatoka tupu na unarudia kesho. Kuna mengine yanayokupa picha nzuri ya uongo, na hayo hugunduliwa siku ya utetezi.

Kabla ya yote: kuipata tezi yenyewe

Kwa vyuo vya huku, chanzo rahisi ni machinjio. Pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako na uongee na afisa mifugo anayekagua nyama, kisha uende alfajiri kabla uchinjaji haujaanza. Mchinjaji ukimwambia "adrenali" hatakuelewa, na ukimwambia "tezi" atakukatia ya shingoni. Mwambie unataka kile kinyama cha kahawia kilichojificha kwenye mafuta ya figo, halafu mwonyeshe mara moja kwa kidole.

Wengi hukosea hapa. Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, tumbo kubwa la rumeni husukuma figo la kushoto kuelekea kulia, lakini tezi ya kushoto haifuatani nalo. Inabaki karibu na mgongo, jirani na mishipa mikubwa ya damu. Ukiagiza "figo na mafuta yake", utapata tezi ya kulia na ya kushoto itakwenda na mzoga. Ya kulia nayo imegandana na mshipa mkubwa wa vena kava, hivyo itoe na kipande cha mshipa huo badala ya kuivuta.

Kata tezi kwa wembe mpya. Gamba litaonekana la kahawia, na katikati kiini cha kijivu, laini zaidi. Kiini huoza mapema kuliko gamba: tezi iliyokaa kwenye mfuko wa plastiki tangu asubuhi hadi mchana hupatikana na uji katikati, na hapo hakuna njia hata moja kati ya hizi nne itakayokuokoa. Beba barafu, ila tezi isiiguse barafu moja kwa moja. Ikiganda polepole, fuwele za barafu hupasua seli.

Njia ya kwanza: daikrometi

*Inachoonyesha.* Haionyeshi neva wala kipokezi. Inaonyesha seli zinazolengwa na neva. Potasiamu daikrometi huoksidisha adrenalini na noradrenalini zilizohifadhiwa ndani ya seli na kuzigeuza rangi ya kahawia. Henle aliliona jambo hili mwaka 1865, na jina "kromafini" limetokana na seli hizi kupenda kromiamu. Ni njia ya mababu, lakini bado ni ya haraka kuliko zote ya kutenganisha kiini na gamba bila ubishi.

*Inachohitaji.* Mchanganyiko wa Orth: potasiamu daikrometi gramu 2.5 na sodiamu salfeti gramu 1 katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, kisha mililita 10 za formalini ya dukani zinazoongezwa siku hiyohiyo ya kutumia. Ukishauchanganya na formalini haudumu, kesho mwaga. Kata tezi vipande visivyozidi milimita 3, loweka saa 24 hadi 48, halafu osha kwa maji yanayotiririka usiku kucha. Baada ya hapo ni parafini na maikrotomu ya kawaida. Ukimalizia kwa Giemsa, kiini hutoka kijani-manjano na kujitenga vizuri na gamba. Kwa darasa, usisubiri hata slaidi: dondoshea daikrometi kwenye uso wa tezi mbichi iliyokatwa, na wanafunzi wataona kiini kikigeuka kahawia huku gamba likibaki lilivyo.

*Inapoharibika.* Ukiiweka tezi kwenye formalini tupu kwanza, sehemu kubwa ya adrenalini huyeyukia humo na rangi hutoka hafifu. Vihifadhi vyenye asidi ya asetiki, kama mchanganyiko wa Bouin, huiua kabisa. Ukiruka kuosha na kupeleka kipande kwenye alkoholi, mashapo ya kromiamu huganda ndani ya tishu na hayatoki tena. Karibu makosa yote ya njia hii yanaonekana kwa macho, na hiyo ndiyo fadhila yake.

Tahadhari moja tu. Daikrometi ni kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Glavu ni lazima, na taka zisimwagwe kwenye sinki. Zitiwe asidi kidogo na sodiamu metabisalfaiti hadi rangi ya chungwa igeuke kijani, kisha zikusanywe pamoja na taka nyingine za sumu za maabara.

*Inamfaa nani.* Mwalimu anayeandaa slaidi za kufundishia, na mtafiti anayehitaji kupima ukubwa wa kiini dhidi ya gamba. Mwenye swali la neva aitumie kama ramani tu.

Njia ya pili: kolinesterasi

*Inachoonyesha.* Nyuzi za neva za asetilikolini hubeba kolinesterasi, kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo ikishafanya kazi yake. Ukikipa kimeng'enya chakula bandia, asetilithiokolini, kitaivunja, na zao lake litaacha mashapo ya kahawia palepale kazi ilipofanyika. Matokeo yakitoka vizuri hayasahauliki: vigogo vya neva vinavyovuka gamba bila kugawanyika sana, kisha ndani ya kiini vinatawanyika kuwa nyuzi nyembamba zinazozunguka kila fungu la seli kama uzi wa ukili. Kwenye ganda na tabaka la juu la gamba utaona nyuzi chache, nyingi zikifuata mishipa ya damu. Kwa picha moja umeeleza kwa nini kiini ni mtumwa wa neva na gamba si mtumwa wake.

*Inachohitaji.* Tunaieleza njia ya Karnovsky na Roots ya mwaka 1964, kwa kuwa vitendanishi vyake ni vichache na hudumu. Kwa mililita 10 za mchanganyiko, fuata mpangilio huu bila kuubadilisha:

1. Asetilithiokolini ayodidi miligramu 5, iyeyushe katika mililita 6.5 za bafa ya maleti 0.1 M, pH 6.0.
2. Sodiamu sitreti 0.1 M (gramu 2.94 kwa mililita 100), mililita 0.5. Tikisa.
3. Kopa salfeti 30 mM (gramu 0.75 ya fuwele za buluu kwa mililita 100), mililita 1. Ni mrututu uleule wanaopulizia kahawa, ila tumia wa daraja la maabara.
4. Maji yaliyotoneshwa mililita 1, au mililita 1 ya kizuizi, tutakavyoeleza chini.
5. Potasiamu ferisianidi 5 mM (gramu 0.165 kwa mililita 100), mililita 1.

Mchanganyiko sahihi ni wa kijani, angavu, unaweza kusoma maandishi ng'ambo ya chupa. Ukiwa na ukungu, mwaga. Mara nyingi maana yake ferisianidi ilikutana na shaba kabla sitreti haijaikumbatia shaba hiyo, na mashapo yameanza ndani ya chupa badala ya ndani ya tishu.

Tezi ihifadhiwe kwenye paraformaldehaidi asilimia 4, pH 7.4, kwa nyuzi 4 za selsiasi, saa 4 hadi 6 basi. Ukiiacha wiki nzima, kimeng'enya kinakufa. Kisha sukari ya sukrosi asilimia 30 hadi kipande kizame chini, halafu kigandishwe haraka na kukatwa kwa kriostati mikromita 20 hadi 30. Parafini haitumiki hapa, maana joto na zailini hukimaliza kimeng'enya. Kugandisha haraka hutaka naitrojeni ya maji, na walio ukanda huu wana bahati: Usa River, kandokando ya barabara ya Arusha na Moshi, kipo Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji ambacho kazi yake ya kuhifadhi mbegu za madume haiendi bila naitrojeni hiyo. Ulizia kupitia chuo chako, na uwe na chombo chake maalumu; chupa ya chai haifai, na kifuniko kilichokazwa hulipuka.

Vipande vikae kwenye mchanganyiko kwa nyuzi 37. Angalia kwa hadubini kila baada ya dakika 15. Nyuzi zikishaonekana wazi, simamisha. Kwa kawaida ni kati ya saa 1 na 4.

*Inapoharibika.* Ukichelewa kusimamisha, rangi husambaa na viini vya seli huanza kupata kahawia ambayo haihusiani na neva. Chembe nyekundu za damu nazo hubeba kolinesterasi kwenye utando wake, kwa hiyo mishipa midogo ya damu iliyojaa hutoa vidoti vya kahawia ambavyo mgeni huviita miishio ya neva. Osha damu mapema kwa kuipitishia tezi maji ya chumvi kabla ya kuihifadhi.

Kosa linalojificha ni kimeng'enya pacha. Butirilikolinesterasi pia inaweza kula asetilithiokolini, na inapatikana kwenye seli zisizo na uhusiano na asetilikolini. Kwa hiyo andaa seti nne za slaidi: moja ya kawaida, moja yenye iso-OMPA 0.1 mM kuzima pacha (tengeneza 1 mM, uitie mahali pa yale maji mililita 1 ya hatua ya 4, baada ya kuloweka vipande ndani ya kizuizi peke yake dakika 30). Moja yenye eserini 0.01 mM inayozima vyote viwili. Na moja isiyo na asetilithiokolini. Kinachobaki kwenye slaidi ya pili na kutoweka kwenye ya tatu ndicho unachoruhusiwa kukiandikia. Na hata hapo, andika "nyuzi zenye asetilikolinesterasi". Kuziita "nyuzi za kikolini" kunahitaji ushahidi wa ziada, kwa sababu baadhi ya seli za kiini chenyewe hubeba kimeng'enya hiki.

Lipo na jambo la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi. Mnyama aliyeogeshwa karibuni kwa dawa ya kupe ya kundi la oganofosfeti, mfano klofenvinfosi, anaweza kufika machinjioni kolinesterasi yake ikiwa imezimwa kwa sehemu. Dawa za pairethroidi na amitrazi hazizimi kimeng'enya hiki. Muulize mwenye mnyama ameogesha lini na kwa dawa gani, na uandike jibu kwenye daftari.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la njia na mtawanyiko wa neva, mwenye kriostati, na asiye na bajeti ya kuagiza vitu nje kila mwezi.

Njia ya tatu: kingamwili

*Inachoonyesha.* Protini unayoitaja kwa jina. Kingamwili ya tairosini haidroksilasi huonyesha seli zote zinazotengeneza katekolamini. Ya PNMT, kimeng'enya kinachogeuza noradrenalini kuwa adrenalini, huonyesha zile zinazofika hadi adrenalini, na kwa ng'ombe hizi hujaa pembezoni mwa kiini, karibu na gamba linalowapa kotisoli ya kukiamsha kimeng'enya hicho, huku seli za noradrenalini zikikaa ndani zaidi. Ya VAChT huonyesha miisho ya neva inayopakia asetilikolini. Hakuna njia nyingine hapa inayoweza kutenganisha hivyo kwenye slaidi za parafini zilizohifadhiwa miaka.

*Inachohitaji.* Slaidi za parafini mikromita 4 au 5, bafa ya sitreti 10 mM pH 6.0 ya kufungua protini kwa joto, haidrojeni peroksaidi asilimia 3 kwa dakika 10, seramu ya kuzibia asilimia 5 hadi 10, kingamwili ya kwanza (inayoishika protini unayoitafuta) usiku kucha kwenye friji, ya pili (inayoishika ile ya kwanza, ikiwa imebeba kimeng'enya cha peroksidasi) dakika 30 hadi 60, kisha DAB, kemikali ambayo peroksidasi huigeuza kuwa rangi. Siku mbili za kazi. Gharama inatisha kuliko ilivyo: kichupa cha mikrolita 100 kikitumika kwa 1:500 kinatoa mililita 50, na kwa mikrolita 200 kila slaidi hizo ni slaidi 250. Kinachouma ni usafiri. Mzigo unaohitaji ubaridi ukikaa uwanja wa ndege wa KIA mwisho wa juma ukisubiri karatasi moja, barafu imeyeyuka. Maliza vibali kabla ya kuagiza, na ombeni utumwe usifike Ijumaa. Ukikipokea, kigawe mafungu kumi ya mikrolita 10 na ugandishe. Kuyeyusha na kugandisha kichupa kimoja mara nyingi ndiko kunakokiua.

*Inapoharibika.* Tuanze na mwinuko. Itifaki husema chemsha kwa nyuzi 95 hadi 98 dakika 20. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi iko chini zaidi na hupata kama 97. Ukiwa Arusha na beseni la maji ya moto lililo "juu kabisa", slaidi zako huenda ziko kwenye 92. Sufuria la presha humaliza tatizo hili: dakika 3 hadi 5 tangu presha ijae, kisha liache lipoe lenyewe.

La pili ni kabila la kingamwili. Tishu yako ni ya mbuzi au kondoo? Usinunue kingamwili ya kwanza iliyotengenezwa ndani ya mbuzi au kondoo. Ile ya pili, inayowinda kingamwili za mbuzi, itazishika kingamwili za asili za mnyama mwenyewe, na slaidi nzima itakuwa kahawia. Kwa ng'ombe tatizo hilo linamfuata pia kwa sababu ya udugu wa wanyama hawa. Chukua iliyotengenezwa ndani ya sungura au panya.

La tatu: tabaka la ndani la gamba lina lipofusini, rangi ya asili ya kahawia ya uzee wa seli. DAB nayo ni kahawia. Kila mwaka kuna mtu anayegundua "vipokezi" kwenye tabaka hilo. Weka slaidi isiyotiwa kitu chochote uione ilivyo, au tumia DAB yenye nikeli inayotoa weusi. Na usitie sodiamu azaidi kwenye bafa za njia hii, inaizima peroksidasi.

Sasa vipokezi vyenyewe. Mwaka 2007 zilichapishwa tafiti zilizojaribu kingamwili za vipokezi vya nikotini kwenye panya waliofutiwa jeni za vipokezi hivyo, na rangi ikatoka vilevile kana kwamba kipokezi kipo. Mwaka 2009 kingamwili za vipokezi vya muskarini, aina nyingine ya vipokezi vya asetilikolini, zikaonyesha aibu ileile. Slaidi kama hiyo ni safi, ina mtawanyiko wa kuaminika, na ni ya uongo. Kidhibiti cha kuondoa kingamwili ya kwanza hakiligundui kosa hili, na kile cha kuimeza kingamwili kwa peptidi yake hakitoshi, kwa kuwa peptidi huizuia kingamwili isishike chochote, cha kweli na cha uongo. Kama huna mnyama aliyefutiwa jeni, angalau linganisha na kingamwili nyingine ya kwanza inayolenga sehemu tofauti ya protini hiyohiyo, na uthibitishe kwa PCR kwamba mRNA (nakala ya jeni) ya kipokezi ipo kwenye kiini cha mnyama wako.

*Inamfaa nani.* Mwenye vizuizi vya parafini tayari, mwenye muda wa kusubiri mzigo, na ambaye swali lake ni la aina za seli au miisho ya neva. Kwa vipokezi, isimame pamoja na ushahidi mwingine.

Njia ya nne: tezi hai

*Inachoonyesha.* Kipokezi kikifanya kazi. Feldberg na wenzake, mwaka 1934, walionyesha kwamba neva ya splankniki humwaga asetilikolini kwenye tezi ya paka. Douglas na Rubin, mwaka 1961, walitumia tezi ya paka iliyopitishiwa maji kuonyesha kwamba bila kalisi seli haimwagi kitu. Mantiki ni ileile leo: toa kichocheo, pima kinachotoka, zuia kipokezi, pima tena.

*Inachohitaji.* Tezi ya ng'ombe, kwa kuwa mshipa wake wa vena unaingilika bila miwani ya upasuaji. Ifike kwenye maji ya Locke ya baridi ndani ya dakika 20 hadi 30: sodiamu kloraidi 154 mM, potasiamu kloraidi 5.6, kalisi kloraidi 2.2, magnesi salfeti 1.2, glukosi 10, HEPES 10, pH 7.4, yakipulizwa oksijeni. Ingiza kanula ya hospitali ya kijivu (16G) kwenye vena ya adrenali, funga kwa uzi wa hariri, chanja gamba mikwaruzo mifupi upande wa pili ili maji yapate pa kutokea. Seti ya dripu iliyotundikwa mita 1 juu inatosha kuyasukuma, mradi bomba lipite kwenye maji ya nyuzi 37. Osha hadi yatokayo yawe meupe, karibu saa nzima.

Kisha kichocheo dakika 2, pumziko dakika 30. Asetilikolini 100 µM kwanza. Halafu hexamethoniamu, inayozuia vipokezi vya nikotini, 100 µM dakika 15, na asetilikolini tena ikiwa nayo. Siku nyingine, atropini, inayozuia vya muskarini, 1 µM badala yake. Kwa ng'ombe tarajia hexamethoniamu ikate karibu mwago wote na atropini iguse kidogo; wanyama wengine, kama paka, hutumia muskarini zaidi, hivyo usihamishe hitimisho la ng'ombe kwenda kwa binadamu kwa sentensi moja. Kupima yatokayo kunahitaji fluorimita, ELISA au mashine ya HPLC. Kama una spektrofotomita tu, unaweza kuioksidisha adrenalini iwe adrenokromu na kusoma karibu nm 480, lakini hiyo hutambua kiasi kikubwa tu, na hapo usitie metabisalfaiti ya kuhifadhia sampuli, kwani itakula kioksidishi chako.

*Inapoharibika.* Vipokezi vya nikotini huchoka. Ukirudia kichocheo baada ya dakika 5, jibu la pili litakuwa dogo hata bila dawa yoyote, nawe utaipa sifa hexamethoniamu bure. Ndiyo maana ya pumziko, na ndiyo maana ya tezi moja kubaki bila kizuizi mwanzo hadi mwisho. Mwishoni mwa kila jaribio pitisha potasiamu 56 mM, sodiamu ikipunguzwa kwa kiasi hichohicho. Potasiamu haipitii kipokezi. Ikitoa jibu na asetilikolini haitoi, tatizo ni kipokezi au dawa. Zote mbili zikikaa kimya, tezi ilikufa njiani, na data ya siku hiyo iwekwe kando.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio, joto linashuka na jibu linashuka nalo. Andika saa.

*Inamfaa nani.* Anayedai jambo kuhusu kipokezi na yuko karibu na machinjio. Haimfai anayetaka picha, wala mwenye miezi miwili kabla ya kuwasilisha.

Kulingana na hali yako

Una wiki tatu, maikrotomu na parafini tu: daikrometi, na swali lako liwe la muundo wa tezi. Una kriostati na mada ni mgawanyo wa neva kati ya gamba na kiini: kolinesterasi, pamoja na zile seti nne za slaidi, ukiongeza VAChT kwenye slaidi chache utakuwa umejibu swali la mtahini kabla hajaliuliza.

Una vizuizi vya parafini vya miaka iliyopita na hakuna wa kukupa tezi mbichi: kingamwili pekee ndiyo inayofanya kazi, ila elekeza swali kwenye aina za seli. Msimamizi akishikilia neno "vipokezi" libaki kwenye kichwa cha tasnifu, mpelekee hesabu ya PCR na ya kingamwili ya kulinganishia mapema, kabla bajeti haijafungwa.

Uko kwenye timu ya watu wawili au zaidi, mna fluorimita na afisa mifugo anawafahamu: gawaneni tezi za mnyama mmoja. Ya kulia, iliyo rahisi kuitoa na mshipa wake, iende kwenye maji ya Locke. Ya kushoto ikatwe katikati palepale machinjioni, nusu kwenye Orth, nusu kwenye paraformaldehaidi ya baridi, na kila chupa iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika kwenye alkoholi.